Ndege wa Demani

Kwa sisi tuliozaliwa visiwani, kitwitwi ni ndege wa maji kupwa. Bahari ikirudi nyuma na kuacha mchanga umelowa, huyo hapo, mdogo, wa kijivu, miguu ikienda mbio kama sindano ya cherehani, akidonoa vitu asivyoviona mwanadamu. Watoto humkimbiza wasimpate. Wavuvi wanamjua, wachokoa pweza wanamjua, ila washairi wetu wamekuwa wakimpitia pembeni tu, labda kwa kuwa hana sauti ya kusifiwa wala manyoya ya kupambia beti. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwamba kitwitwi ni mtoto wa bahari, hana kwao kwingine. Niliandika hivyo kwa uhakika wa mtu asiyewahi kuondoka ufukweni.

Liko jambo moja juu yake ambalo wazee wetu walilijua vyema. Ukishaogwa Mwaka kule Makunduchi mnamo mwezi wa Julai, ukahesabu siku kama arobaini, utawakuta vitwitwi wamejaa tena kwenye matope ya Chwaka na kando ya mikoko. Ndiyo demani inaingia: kusi limeanza kuchoka lakini bado halijageuka. Majahazi ya Maskati na ya Ghuba yalisubiri kaskazi, yakatia nanga Unguja Desemba na Januari, upepo ukiwa nyuma ya tanga. Kitwitwi hasubiri kaskazi. Hutoka upande ule ule wa kaskazini, lakini huja miezi mitatu kabla ya jahazi, na upepo usoni. Baharia yeyote wa zamani angekwambia kuwa hiyo si safari ya mwenye akili timamu, na huyu ndege hufanya hivyo kila mwaka akiwa na uzito wa gramu 25, yaani vijiko viwili vya sukari.

Mapema Septemba 2022 shughuli za kifamilia zilinifikisha Haydom, wilayani Mbulu, Mkoa wa Manyara. Ni mji mdogo wa nyanda za juu, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, unaojulikana zaidi kwa hospitali yake ya Kilutheri iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Kabla ya hapo nyika ile ilikuwa ya mbung'o, na watu wake walikuwa wachache. Siku hizi Wairaqw, Wadatooga, Wanyisanzu na Wahadzabe hukutana sokoni na kwenye mabenchi ya wagonjwa, kila mmoja na lugha isiyo na udugu na ya mwenzake: Kikushi, Kinailoti, Kibantu, na Kihadza ambacho wanaisimu hawajakipatia ndugu popote. Kinachowapatanisha ni Kiswahili, lakini si Kiswahili changu. Hilo nililijifunza siku ya pili tu, nilipomwuliza kijana aliyekuwa mwenyeji wangu:

"Hapa kuna korongo?"

"Yapo mengi, mzee," akanijibu, na kuninyoshea kidole nyuma ya nyumba, mahali mvua zilipochimba ardhi zikaacha ufa mrefu unaoingia mtu na ng'ombe wake.

Kwangu mimi korongo ni ndege mrefu, mweupe, mwenye ncha nyeusi za mbawa; kwake yeye ni ardhi iliyoliwa na maji. Kamusi inakubali yote mawili bila kuona haya. Tulicheka sana. Kisha akaniambia kwamba kama nataka ndege, tena ndege wa maji, basi nisikae pale Haydom, niende Basotu.

Ziwa Basotu liko upande wa kusini, katika Wilaya ya Hanang, ndani ya mashimo ya volkeno ya kale. Ni ziwa la maji baridi, lina viboko, na mbali upande wa mashariki unasimama Mlima Hanang, mita 3,417, mlima ule ule ambao Desemba 2023 ulishusha matope yaliyoua watu zaidi ya themanini huko Katesh. Tulifika alfajiri. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kunyweshwa na ukingo wote wa ziwa umetobolewa kwa kwato, kila kwato kijidimbwi chake cha maji. Na humo, kati ya kwato na kwato, walikuwa wakikimbia vitwitwi.

Nilisimama kama mtu aliyemkuta jirani yake wa Unguja kwenye soko la mji wa ugenini. Walikuwa ni wao hasa: mwendo ule ule, kudonoa kule kule, na kule kuruka pamoja kwa ghafla na kugeuka hewani hadi wote wakamweka mweupe wa tumbo kwa wakati mmoja. Nilihesabu thelathini na saba kisha nikapotea hesabu. Miongoni mwao walikuwamo wengine warefu zaidi, wenye shingo nyembamba na migongo kama magamba, ambao Kiswahili changu hakikuwa na jina lao. Nikakaa juu ya jiwe hadi jua likawa kali. Yafuatayo ni mambo niliyoyafikiri juu ya jiwe lile, pamoja na niliyoyasoma baada ya kurudi.

Huko kaskazini wanakozaliwa, kutoweka kwa ndege kila mwaka kulikuwa fumbo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, manyoya yakiwa yamewatoka. Olaus Magnus, askofu mkuu wa Kiswidi, alisimulia katika kitabu chake cha 1555 jinsi wavuvi wa kwao walivyowavua mbayuwayu kwa nyavu kutoka chini ya barafu, wameshikamana mafungu mafungu. Katika karne ya 17 Mwingereza Charles Morton akashikilia kuwa ndege huhamia mwezini. Tusifanye haraka kuwacheka. Mtu aliyemwona mbayuwayu jioni juu ya ziwa, na asubuhi hayupo, anayo haki ya kulishuku ziwa.

Jibu liliwafikia mwaka 1822, nalo lilikuwa limechomwa shingoni. Karibu na kijiji cha Klütz, katika nchi ya Mecklenburg, alipigwa korongo (ndege, si ardhi) aliyekuwa na mkuki umepenya shingo yake, mti wa urefu wa sentimita themanini hivi. Mti ule haukuwa wa Ulaya. Ulikuwa wa Afrika. Ndege yule alichomwa huku kwetu, hakufa, akaruka na mzigo wake hadi kwao, na kule ndiko akauawa. Walimkausha, na hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wajerumani wana neno maalumu kwa makorongo wa namna hiyo, maana wamewahi kuorodhesha kama 25.

Msomaji wa Kiislamu hatashangaa kwamba habari iliyowashinda wenye elimu ililetwa na ndege. Anamkumbuka Hud-hud aliyempelekea Nabii Sulaiman habari za Sabaa. Kinachonishughulisha mimi ni kitu kingine. Yule korongo ana sanduku lake la kioo, ana mwaka wake na kijiji chake. Mwenye mkuki je? Siku hiyo alikosa kitoweo chake, na pasipo kujua akajibu swali ambalo Aristotle alilikosea. Hakuna aliyemtafuta jina. Katika historia hii nzima ya ndege wahamao, Afrika huingia kama mti uliokwama shingoni: ushahidi, lakini si shahidi.

Baada ya mkuki ikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliwavisha kwezi wa mji wa Viborg pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Kuanzia 1903 kituo cha Rossitten, kwenye pwani ya Baltiki, kikawafanyia hivyo makorongo na ndege wengine. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire huko Uingereza, John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake, na Desemba 1912 mbayuwayu huyo akashikwa katika shamba moja la Natal, Afrika Kusini. (Wapenzi wa ushairi wasichanganye: si yule Masefield mshairi wa bahari, ingawa nakiri kuwa nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilifurahi bure.) Hivyo ndivyo Waingereza walivyopata uhakika wa mahali mbayuwayu wao wanapokuwa wakati theluji imewafungia milango.

Mbayuwayu *wao*. Hapa ndipo hadithi inapohitaji kutazamwa kutoka upande wa pili. Kitwitwi mdogo wa Basotu hukaa kwenye tundra ya kaskazini mwa Ulaya na Siberia kwa miezi miwili hivi, Juni na Julai, kiasi cha kutaga na kulea. Muda uliobaki ama yuko njiani ama yuko kwetu. Katika jamii nyingine za ndege wa ufukweni, wale wa mwaka wa kwanza mara nyingi hawaendi kaskazini kabisa. Hubaki mikokoni kwetu mwaka mzima. Kama mtu angehesabiwa uraia kwa siku anazolala mahali, hawa wangekuwa na hati zetu. Lakini kwa kuwa aliyeuliza swali alikuwa wa kule, na swali lake lilikuwa "wanakwenda wapi?", historia yote ikaandikwa kama safari ya kuondoka. Huku kwetu swali lilikuwa kinyume chake, "wanatoka wapi?", na halikupata kitabu.

Na si kwamba vitabu havikupita huku. Vilipita, tena vingi vilianzia Unguja. Daktari wa Kijerumani Gustav Fischer alifika Zanzibar mwaka 1876, akatibu watu mjini, na kila alipopata nafasi alivuka bara kukusanya ndege. Mwaka 1882 aliondoka Pangani na kupenya nchi ya Wamasai hadi Naivasha. Alikufa Berlin 1886, akiwa bado kijana, kwa homa aliyoipata safarini. Mwaka uliofuata mtaalamu Anton Reichenow alimpa jina la Fischer kasuku mmoja mdogo, wa kijani, mwenye uso wa rangi ya chungwa. Ukifika Haydom na nyika za Eyasi utamwona juu ya mibuyu na migunga, wawili wawili, wakipiga kelele. Wenyeji walikuwa wakiishi naye tangu kale. Kwa dunia anaitwa kwa jina la tabibu wa Mji Mkongwe.

Baada yake akaja Oscar Baumann wa Vienna, ambaye Waunguja tunamdai na yeye anatudai. Mwaka 1888 yeye na Hans Meyer walikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, wakatiwa minyororo, wakakombolewa kwa fedha. Hilo halikumtosha. Mwanzoni mwa 1892 alitoka Tanga na msafara wake, akafika Ziwa Manyara, akaingia kreta ya Ngorongoro, akateremka hadi Ziwa Eyasi, akawa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Na katika safari hiyo hiyo aliandika pia juu ya Wairaqw na Watatoga, ambao ni Wadatooga wa leo. Ulikuwa mwaka wa njaa kubwa, sotoka ikiwa imemaliza ng'ombe wa Wamasai. Baadaye alirudi Zanzibar kama konseli wa Austria, akaandika vitabu vitatu vidogo, vya Mafia, Unguja na Pemba. Alikufa mwaka 1899 akiwa na miaka 35. Sijui mtu mwingine wa zama zile aliyeandika juu ya Eyasi na juu ya Pemba kwa kalamu moja. Lakini njia aliyoifuata kati ya ufukwe wetu na maziwa ya Mbulu, vitwitwi walikuwa wakiipita juu ya kichwa chake.

Wa tatu, Oscar Neumann wa Berlin, ndiye aliyekuwa mtu wa ndege hasa. Alizunguka nchi hizi mwanzoni mwa miaka ya 1890, akapita chini ya Hanang, mlima ambao ramani za Kijerumani ziliuita Gurui, na alirudi kwao na maelfu ya ngozi za ndege. Maisha yake yalikuwa na mwisho wa ajabu. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1941, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, ilimbidi akimbie nchi yake, akapita Kuba na kuishia Chicago, ambako alifia mwaka 1946. Mtu aliyetumia umri wake kuwapachika ndege vibandiko vya mahali walipopatikana akamaliza siku zake mahali ambapo hakuna aliyemtegemea kumpata.

Watu hawa hawakutembea peke yao. Nyuma ya kila mmoja ulikuwapo msururu wa wapagazi wa mrima na visiwa, wapishi, wakalimani, na watu waliojua kumchuna ndege bila kuharibu manyoya, kumpaka dawa na kumjaza pamba kwenye joto la nyika. Hao ndio waliokuwa wakiuliza vijijini: ndege huyu huitwaje hapa, huja lini? Swali letu, "wanatoka wapi?", yumkini liliulizwa na kujibiwa mara nyingi kando ya moto, kwa Kiswahili, na halikuvuka kuingia daftarini.

Mmoja tu ninayemfahamu kwa jina alivuka. Ni Salimu Asmani wa Amani, Usambara Mashariki. Tangu 1928 hadi 1946 Mwingereza Reginald Moreau alikuwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha Amani. Hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alianza maisha kama karani wa mahesabu, na ndege alijifunza mwenyewe, jambo ambalo mtu aliyejisomesha kama mimi hulitaja kwa furaha kidogo. Salimu alikuwa mwenzake wa msituni kwa miaka hiyo, akitafuta viota, akikaa kimya kwa saa nyingi kuhesabu mara ngapi ndege huleta chakula, na kuwafundisha wengine kazi hiyo. Moreau alikubali wazi mchango wa Salimu katika kazi yake. Baadaye Moreau ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa somo letu hili. Kitabu chake juu ya ndege wanaohama kati ya kaskazini na Afrika kilitoka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake. Humo alikisia kuwa ndege bilioni tano huingia Afrika kila mwaka mwishoni mwa kiangazi cha Ulaya. Hesabu ya karibuni zaidi, iliyotolewa 2009 na kuhusu ndege wadogo wa nchi kavu watokao Ulaya peke yake, inasema bilioni 2.1. Tofauti ya makadirio si kitu. Ni umma mkubwa kuliko wanadamu wote waliopata kuvuka bahari hizi kwa hiari au kwa minyororo, na huvuka usiku, kimya, juu ya mapaa yetu.

Huku Kenya, kwenye vilima vya Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 wamekuwa wakiwavisha pete ndege wanaoshushwa na ukungu wa Novemba na Desemba karibu na taa za hoteli. Pete hizo zina jina la Nairobi. Baadhi yake zimepatikana Arabuni na Urusi. Nilipoyasoma hayo nilijisikia kama mtu aliyepata jibu la barua. Safari hii aliyeokota ndege na kujiuliza anwani hii ni ya wapi alikuwa wa kule.

Turudi Basotu, maana kuna historia nyingine ya pale ambayo siwezi kuiruka ati kwa kuwa nimekuja kutazama ndege. Kutoka kwenye lile jiwe nilikuwa naona mashamba yamelimwa hadi macho yanapokoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianza kulima ngano katika tambarare ya Basotu, na kuanzia 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba yakaongezeka chini ya shirika la umma la NAFCO hadi yakameza hekta zipatazo 40,000. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatooga. Malisho yale hayakuwa na hati. Yalikuwa na utaratibu, kila majira na mahali pake pa kulisha. Matrekta yalifuta njia za ng'ombe kwenda majini na chumvini, na yakalima juu ya bung'eda, vilima vya makaburi ambamo wazee wa heshima huzikwa kwa taratibu za miezi mingi. Kesi zilifika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Kanada ilijitoa miaka ya 1990, na NAFCO yenyewe haipo tena. Mashamba yamebaki.

Ndege wahamao wa nyika hupenda nyasi fupi, zile zilizokatwa na meno ya ng'ombe, na wa ufukweni hupenda tope lililokanyagwa. Walichofuata Basotu kwa karne nyingi kilikuwa, kwa sehemu, kazi ya wafugaji. Mtu akisema kwamba historia ya vitwitwi haihusiani na historia ya Wabarabaig, na atazame mahali nilipowakuta: ndani ya kwato. Tanzania ina ardhioevu nne zilizoandikishwa katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar, yaani Malagarasi na Muyovozi mwaka 2000, Ziwa Natron 2001, Bonde la Kilombero 2002, na Rufiji, Mafia na Kilwa 2004. Ya mwisho ni ya kwetu watu wa pwani. Basotu haimo, Balangida haimo, Eyasi haimo.

Nilisema nilimkosea kitwitwi. Kosa lenyewe lilikuwa la kifasiri. Miaka mingi iliyopita nilifasiri mashairi machache ya watu wa kaskazini, na katika mengi yao majani yalikuwa yakipukutika na ndege wakiondoka, na mshairi akikumbuka kifo. Kwa majira yale niliandika "vuli", kama kamusi zilivyonielekeza. Vuli! Neno ambalo kwa mkulima wetu ni mvua ya mwaka, mbegu ardhini, mtoto kuongezewa chakula. Wasomaji wangu walisoma kwamba wakati wa vuli moyo wa mshairi unakauka, wakashangaa, na wengine walinifikia kuniuliza kama nimekosea mpigo wa chapa. Niliwajibu kwa maelezo marefu ya hali ya hewa ya Ulaya. Leo naona majibu yangu yalikuwa ya mtu aliyeikinga kazi yake badala ya kuisoma.

Ndege wale wale waliokuwa wakiondoka katika shairi lile walikuwa, siku hizo hizo, wakitua Chwaka na Basotu. Neno lipo tayari katika Kiswahili, lina upepo wake na bahari yake: demani. Ukiliweka, huzuni ya mshairi haipotei, lakini inapata upande wa pili. Msomaji wa Unguja anajua walikofikia. Nilijaribu hivyo usiku ule ule pale Haydom, kwenye karatasi ya daftari la shule, na beti mbili zilikubali. Ya tatu haijakubali hadi leo, kwa kuwa mwenyewe anasema waziwazi kuwa ndege wamekwenda pasipojulikana, na mimi napajua.

Kabla hatujaondoka ziwani alikuja mzee mmoja wa Kibarabaig, na fimbo yake begani, kutazama ni mtu gani huyu akaaye juu ya jiwe na kutumbulia macho matope. Kijana wangu alimwamkia kwa Kidatooga, kisha wakahamia kwenye Kiswahili kwa ajili yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, ingawa nadhani tulikuwa rika moja au karibu. Nikamwuliza kuhusu ndege. Alisema hawako siku zote. Hufika wakati huu wa kiangazi, kabla ya mvua, na huondoka mvua kubwa zikishakolea.

"Na wanatoka wapi, mzee?"

Alinitazama kofia yangu ya kiua, akatazama kandambili zangu zilizojaa tope.

"Si kwenu huko pwani," akasema.

Nikamwambia kwamba sisi kwetu tukiwaona wanapotea siku mbili tatu, husema wamekwenda bara. Alifikiri kidogo, akaipiga fimbo yake chini, na kundi zima likainuka kutoka kwenye kwato, likageuka jeupe mara moja, likavuka maji kuelekea upande wa pili wa ziwa.